Jiko la umeme: moto unaouona na moto usiouona

Mama anayepikia kuni Omugo anaujua moto wake. Anauona ukishika, anausikia ukialika, na moshi ukimzidi anatoka nje kufuta machozi. Jiko la umeme halimpi dalili hizo. Koili inakuwa nyekundu, maharage yanachemka, na kama pana hitilafu, mara nyingi imejificha ukutani, nyuma ya soketi ambayo hakuna anayeitazama.

Jambo hili linawahusu watu wa Omugo na wa West Nile nzima sasa kuliko zamani. Kwa miaka mingi eneo hili lilikuwa nje ya gridi ya taifa ya Uganda. Arua na miji jirani iliishi kwa jenereta na mtambo mdogo wa umeme wa maji wa Nyagak, karibu na Paidha, wenye uwezo wa megawati 3.5. Mwaka 2024 laini ya kilovolti 132 iliifikisha gridi Arua, na mwaka huohuo bwawa la Karuma la megawati 600 likazinduliwa rasmi. Omugo, iliyo katika wilaya ya Terego iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2020, bado inapika kwa kuni zaidi, wenyeji na wakimbizi wa Sudan Kusini waliopokelewa huko tangu 2017. Lakini Arua mjini si mbali, na jiko la koili hupakiwa kwenye boda boda kabla fundi hajaulizwa neno.

Sababu ya kulitaka jiko hilo ni nzuri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Nimonia, kiharusi, maradhi ya moyo na ya mapafu yote yanapitia mlango wa jikoni. Jiko la umeme linaufunga mlango huo. Kazi yetu ni kuhakikisha halifungui mwingine.

Waya uliotengenezwa upate moto

Koili ni waya wa nikeli na kromu unaoupinga umeme. Umeme ukilazimishwa kupita penye ukinzani, nguvu yake hugeuka joto. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi popote njia ya umeme inapobana: skrubu iliyolegea, waya mwembamba, soketi iliyochakaa.

Tuchukue jiko la sahani mbili la wati 2,500. Kwa volti 240 za Uganda, linavuta zaidi kidogo ya ampia 10. Kama ndani ya soketi pana muunganiko mbovu wenye ukinzani wa nusu om tu, hapo patazaliwa joto la wati 50, kama la chuma cha kulehemia risasi kilichosahaulika ndani ya ukuta. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto hilo huongezeka mara nne. Ndiyo maana soketi iliyochaji simu miaka mitano bila kulalamika inaweza kuyeyuka wiki ya kwanza ya jiko.

Kulifunga

Jiko dogo lisilozidi wati 3,000 linaweza kutumia plagi ya kawaida ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampia 13, mradi soketi ni imara na nyaya zake ni za milimita 2.5 za mraba. Lichomekwe ukutani moja kwa moja. Ekstensheni nyembamba, hasa iliyoviringishwa, hupata joto lisilo na pa kutokea.

Jiko kubwa la sahani nne na oveni ni habari nyingine. Likiwashwa lote linaweza kufika wati 7,000 au zaidi, yaani karibu ampia 30. Hilo halina plagi. Linahitaji laini yake kutoka kwenye bodi, breka yake ya ampia 32, nyaya za milimita 6 na swichi ya ukutani isiyokaa juu ya moto, ili mtu aweze kuzima bila kupitisha mkono juu ya mafuta yanayowaka.

Kisha kuna waya wa tatu, wa kijani na manjano, ambao mafundi wa haraka huukata kwa kuwa jiko huwaka hata bila huo. Huo ni waya wa arthi. Umeme ukigusa bati la jiko, waya huo huupeleka ardhini na breka ikakata. Usipokuwapo, njia ya kwenda ardhini ni mpishi mwenyewe, mikono imelowa na miguu iko peku. Fimbo ya arthi nayo izikwe hadi kwenye udongo wenye unyevu, kwa sababu ardhi iliyokauka kwa kiangazi cha Januari hupitisha umeme kwa shida.

Juu ya hayo, fundi aweke swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kufikia miliampia 30. Kiasi hicho kikipita kifuani kwa muda kinaweza kuuvuruga moyo, na sahani moja ya wati 1,500 hutumia mara mia mbili yake.

Likigoma

Kabla ya kugusa chochote, zima, chomoa, subiri lipoe. Jiko lisilo na plagi lizimwe kwenye breka.

Jiko likifa lote, anza na breka na fyuzi ya plagi. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampia zilezile. Waya au karatasi ya sigara iliyowekwa mahali pake ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele.

Sahani moja ikikataa na koili yake ni ya kuchomoa, ibadilishane nafasi na nyingine ya ukubwa uleule. Ubovu ukihama na koili, koili imekufa. Ukibaki palepale, tatizo liko kwenye swichi au kwenye kishikio. Mwenye mita atapima: koili nzima ya wati 1,500 husoma karibu om 38.

Breka au swichi ya kinga ikiruka baada ya jiko kukaa muda mrefu bila kutumika, hasa wakati wa mvua, fikiria unyevu. Ndani ya koili ya bomba kuna unga mweupe wa oksidi ya magnesi unaotenganisha waya na bomba, na unga huo hunyonya maji kwenye hewa kama chumvi. Fundi huikausha koili kwa joto dogo kisha hupima tena. Kuiziba kinga ili jiko liwake ni kosa lililoua watu.

Maharage yakichelewa jioni, pengine jiko ni zima na umeme ndio umepungua. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 180, sahani ya wati 1,500 hubaki na wati 840 hivi. Kununua koili mpya hakutasaidia. Na wenye paneli ndogo ya sola ya wati 100 wasijaribu: inatosha taa na simu, haifiki hata sehemu ya kumi ya sahani hiyo.

Dalili mbili hazingoji kesho: plagi yenye joto au harufu ya plastiki, na jiko linalotetemesha mkono likiguswa. Chomoa, na lisitumike tena mpaka fundi alione.

Mtu akinaswa

Usimshike. Zima umeme kwanza. Kama huwezi, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua na ita msaada. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Hata kidonda kikiwa kidogo kama punje ya mtama, apelekwe kituo cha afya, kwa sababu umeme huunguza ndani kuliko nje.

Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ya Uganda hutoa vibali kwa mafundi wa nyaya za majumbani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukishapata pesa ya jiko, usiipeleke yote dukani. Tenga ya fundi, mwombe akuonyeshe kibali chake, na kabla hajaondoka mwambie akuonyeshe pia waya wa kijani unakoishia.