Jahazi la Lamu na Walinzi wa Maji

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii hutamkwa na watu wengi wa bara ambao hawajapata kukanyaga ndani ya jahazi maishani mwao, na sisi askari huitaja kila tunapotaka kueleza umuhimu wa amri moja. Hata hivyo ilizaliwa baharini, miongoni mwa watu ambao amri ikikosewa mara moja roho zaweza kupotea. Yafaa basi, ndugu msomaji, tuitazame pale inapoishi hata leo, yaani katika visiwa vya Lamu, pwani ya kaskazini ya nchi jirani ya Kenya.

Visiwa vikubwa vya huko ni Lamu, Manda na Pate. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambamo mizigo hubebwa na punda. Ukifika ufukoni, kazi ya punda imekwisha, kazi ya chombo imeanza. Mchanga wa kujengea, boriti, magunia ya unga, mgonjwa anayepelekwa hospitali na bibi harusi anayekwenda kwa mumewe, wote hupita majini. Kwa wenyeji bahari ndiyo njia kuu, na mtoto huizoea kama mtoto wa kwetu azoeavyo njia ya shambani.

Vyombo vyenyewe havifanani. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja. Ngalawa ni mtumbwi wenye mbao za pembeni za kuuzuia usipinduke. Mashua hutumiwa kwa uvuvi na safari fupi. Jahazi ndilo kubwa la mizigo, lenye omo iliyosimama wima na macho yaliyochorwa pande mbili, kana kwamba chombo chajitazamia njia. Zamani palikuwa pia na mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na ambao ulitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Fundi wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu kinachosifika kwa uundaji wa vyombo, aghalabu hafanyi kazi kwa mchoro wa karatasi. Kipimo chake ni jicho, na elimu yake aliipata kwa baba au mjomba. Huanza kwa kulaza mkuku, kisha huweka mataruma, ambayo ndiyo mbavu za chombo, yaliyochaguliwa katika miti iliyopinda yenyewe msituni, kama vile mkomafi. Hutumia tezo, msumeno na keekee. Nafasi zilizo baina ya mbao huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta, na sehemu ya chini hupakwa deheni ili wadudu wa baharini wasiitoboe. Pengo dogo la kalafati laweza kumzamisha mtu aliye mbali sana na fundi, naye fundi alijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi.

Baada ya mbao huja pepo. Kaskazi huvuma tangu mwezi Desemba hata Machi, na ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni na Uajemi kwa karne nyingi, yakiwa na tende na mazulia. Kusi huanza kuvuma karibu na mwezi Aprili, nayo ndiyo iliyoyarudisha kwao yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Kusi inapopamba moto, mwezi Juni na Julai, nahodha mwenye akili hukaa bandarini hata kama mfuko wake ni mtupu. Kujua wakati wa kutotoka ni sehemu ya ushujaa wake.

Na sasa tuitazame nidhamu ya safari. Chombo kinapobisha, yaani kinapokatiza ili kuushinda upepo wa mbele, tanga na foromali yake hupinduliwa kwenda upande wa pili wa mlingoti. Kila baharia ana mahali pake: huyu yuko kwenye usukani, yule kwenye kamba, mwingine anafua maji ya ngama. Katika mashindano ya mashua, ambayo hufanyika wakati wa sikukuu na kuujaza ufuko watazamaji, baadhi ya mabaharia hukaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshini, ule unaokabili upepo, ili uzito wao uzuie chombo kisilale. Nahodha anapotoa amri, wote hutii papo hapo. Yeye naye, kabla ya kuamuru, amekwisha kusikiliza maneno ya baharia aliyeona mwamba kwanza. Hiyo ndiyo maana kamili ya methali yetu.

Maisha haya yamepata misukosuko ambayo inatuhusu sisi tunaovaa sare. Mwaka 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa nyara katika Kiwayuu na Manda, nao watekaji wakakimbilia Somalia kwa njia ya bahari. Mwezi Oktoba mwaka huo majeshi ya Kenya yaliingia Somalia, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku Lamu kwa sababu za usalama. Sababu hiyo ilikuwa ya kweli, kwani katika giza mlinzi hawezi kumtofautisha mvuvi na adui. Lakini samaki wengi hunaswa usiku, wasipouona wavu, na marufuku hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa. Jamaa nyingi zilipoteza riziki, na walinzi nao walipoteza macho mengi yaliyokuwa yakikesha majini bila mshahara. Mvuvi huitambua mashua ya jirani yake kwa mkato wa tanga au kwa sauti ya injini, na mgeni akipita, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Ulikuja pia ujenzi wa bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi Mei mwaka 2021. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Walidai haki yao kwa sheria, wakasikilizwa kwa sheria.

Hata hivyo ufundi haukufa. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, chenye urefu wa takribani meta 9, kilichoundwa kwa takataka za plastiki na kupambwa kwa maelfu ya kandambili zilizookotwa. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hata Unguja, na mwaka 2021 kililetwa katika Ziwa Viktoria, kikapita katika maji ya Kenya, Uganda na Tanzania.

Hapo ndipo habari ya Lamu inapofika mlangoni petu. Mwaka 2017 wanajeshi wa Uganda walipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa yetu, kazi iliyokuwa na faida kwa samaki na iliyoleta pia malalamiko ya wavuvi. Wengine wetu tangu mwaka 2007 wametumikia Somalia, ambako majahazi ya namna hii hupita mbele ya macho ya mlinzi. Askari asiyejua chombo huona kila tanga kuwa ni tishio, au huliacha tishio lenyewe lipite.

Basi, ndugu askari na polisi, ukipangiwa ulinzi wa maji, jifunze majina ya vyombo vya hapo na majira ya pepo zake. Msalimu mzee wa mwalo kabla ya kumkagua. Vaa jaketi la kujiokolea, ndipo utakapoweza kumwamuru mvuvi avae lake. Sheria uitekeleze bila hongo wala kiboko, maana mvuvi aliyeonewa mchana hatakuamsha usiku adui atakapopita.