GARI LA MIZIGO LAWEZA KUWA NYUMBA YA SAFARI



Mtu aliyepata kulala chini ya turubai katika mvua ya milima ya Kigezi hahitaji kuelezwa thamani ya kitanda kikavu. Katika mazungumzo ya mesi nimesikia mara nyingi swali hili: je, gari la mizigo lenye bodi iliyofunikwa, lile ambalo wengi wetu hutamani kulinunua kwa kiinua mgongo ili libebe viazi na saruji, laweza pia kuwa mahali pa kulala safarini?

Jibu ni kwamba laweza, na gharama yake si kubwa. Lakini kazi hiyo ina utaratibu wake, na asiyeufuata huhatarisha riziki yake na maisha yake. Nimeshika kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mkono wa mwanajeshi umo katika historia ya gari la namna hiyo. Ya pili ni kwamba mimi mwenyewe na wenzangu watatu nusura tufe ndani ya gari kama hilo, hali likiwa limesimama kimya, injini imezimwa.

MKONO WA JESHI

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, kiwanda cha magari cha Wolfsburg, nchini Ujerumani, kilikuwa kimeharibiwa na mabomu, nacho kikaangukia katika eneo lililotawaliwa na Waingereza. Aliyepelekwa kukisimamia alikuwa afisa wa kikosi cha wahandisi wa umeme na mitambo, Meja Ivan Hirst. Jeshi la Uingereza lilikuwa na uhaba wa magari. Meja huyo akakifufua kiwanda, na magari madogo ya Volkswagen yakaanza kutoka kwa ajili ya majeshi ya ukaliaji.

Ndani ya kiwanda chenyewe kilihitajika chombo cha kuhamishia vipuri. Mafundi wakachukua chasisi ya gari dogo, wakatandika jukwaa juu yake, na kiti cha dereva wakakiweka nyuma, juu ya injini. Mfanyabiashara wa Kiholanzi, Ben Pon, alikiona chombo hicho, na tarehe 23 Aprili 1947 akachora katika daftari lake gari lenye umbo la kasha: dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, na mzigo wa kilo 750 katikati. Machi 1950 gari hilo likaanza kutengenezwa kwa wingi. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 25 tu. Huku kwetu Afrika Mashariki tukalijua kwa jina la kombi.

Haukupita muda mrefu kabla watu hawajaanza kulala ndani yake. Inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akitumikia Ujerumani aliwaendea mafundi wa Westfalia, katika mji wa Wiedenbrück, akaomba gari lake litiwe vifaa vya kambi. Westfalia ilianzishwa mwaka 1844, ikiwa kwanza karakana ya mhunzi aliyetengeneza magari ya farasi. Mwaka 1951 mafundi hao wakatoa kile walichokiita Kasha la Kambi: kabati na kitanda kwa pamoja, kilichoweza kuingizwa katika gari na kutolewa tena. Siku za kazi mwenye gari alichukua bidhaa zake. Mwisho wa juma aliliingiza kasha, akaondoka na jamaa yake.

Hapo ndipo lilipo somo letu. Wengi wanaogeuza magari huanza kwa kugongomea kila kitu katika bodi: makabati, kitanda, hata sinki la kuoshea vyombo. Mwezi ukipita, wanatambua kwamba gari haliwezi tena kubeba gunia hata moja. Tajiri mwenye magari matatu anaweza kuustahimili upotevu huo. Sajini mstaafu mwenye gari moja hawezi. Basi kanuni ya kwanza iwe hii: kila unachokiingiza ndani ya gari kiwe ni kitu ambacho watu wawili wanaweza kukitoa asubuhi kabla ya chai.

KULIKAGUA GARI NA KUPIMA UZITO

Kabla ya kununua mbao, likague gari kama unavyokagua ghala. Ondoa mkeka wa sakafuni utazame kutu, hasa pembeni na karibu na milango. Kisha ingia ndani mchana, mwambie mwenzako afunge milango yote, utulie gizani. Palipo na mwanga patapita maji. Ikiwa ni gari la aina ya Hiace, kumbuka kwamba mara nyingi injini yake iko chini ya viti vya mbele. Usijenge chochote kitakachomzuia fundi kuvifunua viti hivyo.

Sasa tuje kwenye kasha. Chukua plaiwudi ya milimita 12, utengeneze makasha matatu, kila moja lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 40. Yapange makasha hayo kwa kuyakingamiza, moja nyuma ya jingine, nawe utapata kitanda chenye urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 120, ambacho kinatosha watu wawili. Aliye mrefu kupita hapo aongeze upana wa kila kasha. Ndani ya makasha utaweka chakula, vyombo na nguo. Kasha moja tupu litakuwa na uzito wa kilo 20 na kitu. Pima kwanza nafasi iliyoko kati ya vifuniko vya magurudumu, maana magari hayafanani.

Kila kasha lifungwe kwa mikanda imara katika pete za sakafuni zinazofungiwa mizigo. Kasha la kilo 20 ambalo halikufungwa, dereva akipiga breki ya ghafla, huruka mbele na kumpiga kisogoni.

Uzito nao ni hesabu, wala haukadiriwi kwa macho. Tuseme gari limeandikwa kwamba hubeba kilo 1,000. Makasha matatu ni kilo 63, godoro kilo 15, jerikeni tatu za maji za lita 20 ni kilo 60, betri ya pili kilo 30, mtungi mdogo wa gesi na jiko lake kilo 15, chakula na vyombo kilo 50, na watu wawili kilo 150. Jumla ni kilo 383. Bado hatujafika nusu. Lakini mtu akipata moyo kwa hesabu hiyo, akapandisha juu ya paa pipa la lita 200 za maji, gari litayumba katika kila kona ingawa mizani haitamshtaki. Mchoro wa yule Mholanzi uliweka mzigo katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nasi tuuweke hapo hapo, tena chini, karibu na sakafu.

USIKU WA KABALE

Sasa niwasimulie yaliyotupata. Mwezi Julai mwaka 2019 tulikwenda kumzika mwenzetu katika milima ya Kabale. Tulikuwa wanne, nasi tulisafiri katika gari la mizigo la mmoja wetu, ambalo alikuwa amelitengeneza vizuri: mbao ndani, godoro, pazia, taa. Mwenyewe alijivunia kwamba hapakuwa na tundu hata la sindano. Usiku baridi ilikuwa kali. Tukachukua sigiri iliyopikiwa chai, makaa yake yakiwa mekundu bila moshi wowote, tukaiingiza ndani, tukafunga milango, tukalala tukishukuru.

Aliyetuokoa hakuwa mlinzi wala daktari. Mmoja wetu aliamshwa na haja ndogo. Aliposimama, miguu ilimlegea, akaangukia mlango, nao ukafunguka. Hewa baridi ikaingia. Sisi wengine tuliamka tukiwa na vichwa vinavyouma kama vilivyopigwa nyundo. Wawili wakatapika nje. Kijana wa mwisho tulimburuta kwa mabega hadi kwenye majani, akakaa muda mrefu kabla ya kujua yuko wapi. Asubuhi tulisimama kando ya kaburi la rafiki yetu, tukitazamana, kila mmoja akijua kwamba yangeweza kuchimbwa mengine manne.

Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kuubebea mwili hewa safi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na kwa sababu ya usingizi huo mtu hapati nafasi ya kujiokoa. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa kuwa mtu hudhani kwamba pasipo na moshi hapana hatari.

Basi kanuni ya pili haina msamaha: sigiri haiingii ndani ya gari, iwe inawaka au inaelekea kuzima. Kadhalika injini isiwashwe ili kutia joto watu waliolala. Baridi inaondolewa kwa blanketi. Gari lenyewe liwe na matundu mawili ya hewa yasiyozibika, moja chini na jingine juu, yenye wavu wa kuzuia mbu. Vipo pia vifaa vidogo vinavyolia vinapohisi gesi hiyo. Anayeweza kukipata akifunge karibu na kitanda.

Matundu hayo yana faida nyingine. Pumzi za watu waliolala hugeuka matone juu ya bati lililopoa, na matone hayo huteremka nyuma ya mbao na kulea kutu. Bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa, na nyuma ya mbao zisishindiliwe nguo kuukuu wala pamba, kwa kuwa hushika maji.

GESI, UMEME NA SHERIA

Gesi ya kupikia ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni kama maji ndani ya mtumbwi, ikingojea cheche. Kwa hiyo pikia nje ya gari, na mtungi uusafirishe umesimama wima, valvu yake imefungwa, katika kasha lenye tundu linalotoka chini ya sakafu hadi nje.

Kuhusu umeme, betri inayowasha injini isitumiwe kwa taa za usiku, usije ukaamka porini na gari lisiloweza kuwaka. Weka betri ya pili, itenganishwe na ile ya kwanza kwa swichi. Betri ya kawaida ya risasi yenye uwezo wa ampea-saa 100 itumiwe nusu tu, yaani 50, ili isife mapema. Taa ndogo ya wati 5 ikiwaka kwa saa tano hula ampea-saa mbili na kitu, hivyo mtu mwenye taa na simu peke yake hana sababu ya kuogopa giza. La kuogopwa ni waya usio na fyuzi. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, na waya usipite juu ya chuma chenye makali. Betri yenyewe iwe katika sanduku linalopumulia nje, maana inapochajiwa hutoa gesi iwezayo kulipuka.

Hatimaye ni sheria, na hapa ndugu zetu wa usalama barabarani wananielewa kabla sijasema. Kitanda si kiti. Gari likiwa katika mwendo, kila mtu akae katika kiti kilichofungwa barabara, chenye mkanda, wala mtoto asilazwe juu ya godoro kwa kuwa eti amechoka. Tena, anayetaka kukata dirisha, kuongeza viti au kubadili matumizi ya gari aende kwanza kwa ofisi ya usajili na kwa kampuni ya bima, aulize, apate idhini kwa maandishi. Kasha linaloingia na kutoka lina usumbufu mdogo, kwa sababu halibadili bodi. Nayo ni faida nyingine ya hekima ya wale mafundi wa Wiedenbrück.

Kombi iliendelea kutengenezwa nchini Brazili hadi mwaka 2013. Ilisimamishwa ilipofika zamu ya masharti mapya ya usalama ambayo bodi yake ya zamani haikuweza kuyatimiza. Hata hivyo wazo lake linaweza kumfaa askari yeyote mwenye gari la kazi, mbao chache na fundi mwaminifu.

Mwenzetu yule bado analo gari lake. Siku za juma hubebea viazi, na makasha hukaa katika ukumbi wa nyumba yake yakitumika kama viti vya wageni. Mwisho wa mwezi huyaingiza, akaenda kijijini kumwona mama yake. Amekata tundu la hewa juu na jingine chini, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyeupe: SIGIRI NJE. Ndugu wasomaji, atakayeanza kazi hii na aanze kwa kuyaandika maneno hayo mawili.