Kauli 50 zapima mazingira ya kujifunzia udaktari wa meno

MWANAFUNZI wa udaktari wa meno hutibu wagonjwa halisi kabla ya kuhitimu, chini ya uangalizi wa mwalimu. Akiacha kuuliza kwa kuhofia kukejeliwa, anayeweza kuumia ni mgonjwa.

Ili kubaini hali hiyo, vyuo mbalimbali duniani hutumia dodoso la DREEM, lililotolewa mwaka 1997 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland. Wanafunzi hujibu kauli 50 kuhusu masomo, walimu na maisha ya chuoni. Kila kauli ina alama 0 hadi 4, hivyo jumla haizidi 200.

Jumla ya 101 hadi 150 huonyesha kuwa mazuri yamezidi mabaya. Hata hivyo, yaweza kuficha kasoro: kauli yenye wastani wa alama 2 au pungufu, mathalani kuhusu walimu kukejeli wanafunzi, huhitaji kushughulikiwa.