Kengele Isipolia

KILA mwaka, ufikapo mwezi wa Agosti au Septemba, maelfu ya vijana wetu hufunga virago na kuabiri magari kuelekea Nairobi, Juja, Njoro, Eldoret, Maseno na kwingineko ili kuanza masomo ya chuo kikuu. Nyuma yao huacha vigelegele. Yupo mama aliyeuza mbuzi, yupo mjomba aliyeandaa harambee, na yupo mwalimu mkuu aliyeliandika jina la kijana huyo ukutani kwa rangi isiyofutika. Wote huamini kwamba safari imekwisha, kumbe ndio kwanza mkoko ualike maua!

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia nyumbani katika likizo yake ya kwanza. Alikuwa kijana mwenye bidii ya mchwa, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya tatu darasani. Nilimkaribisha chai, akakishika kikombe kwa muda mrefu bila kunywa. Hatimaye akasema, "Mwalimu, nimeanguka masomo matatu, na nyumbani hawajui." Nilipomwuliza iwapo masomo yenyewe yalimlemea, alitikisa kichwa. "La, Mwalimu. Sikujua wakati wa kusoma ni upi."

Jawabu hilo lilinichoma moyoni, maana ni sisi tuliomlea hivyo. Shuleni, kengele ilimwamsha alfajiri, ikampeleka darasani, ikamlisha, ikamrudisha darasani usiku, kisha ikamlaza. Alipochelewa, mwalimu wa zamu alimfuata. Tulimpa muhtasari wa kukariri, tukamtabiria hata maswali ya mtihani. Kisha tukampeleka mahali ambapo hakuna kengele, tukashangaa alipopotea.

Huko chuoni, mhadhiri huingia, huzungumza kwa saa mbili au tatu mbele ya mamia ya vijana, kisha hwenda zake. Baina ya mhadhara mmoja na mwingine huenda pakawa na pengo la saa nne. Mgeni huliona pengo hilo kuwa mapumziko, ilhali hilo ndilo darasa lenyewe. Isitoshe, katika vyuo vyetu vingi majaribio huchukua alama 30 kwa mia na mtihani wa mwisho wa muhula alama 70. Kwa hivyo, uzembe wa Oktoba hauonekani hadi Desemba. Mtu huzama polepole akidhani kwamba anaogelea.

Fauka ya hayo, kuna pesa. Kijana ambaye hajawahi kushika zaidi ya nauli yake hupokea pesa za muhula mzima kwa mkupuo mmoja. Hununua simu na viatu, akawakaribisha marafiki aliofahamiana nao juzi. Kabla ya muhula kufika katikati anachemsha uji mtupu chumbani, na anaona haya kumwarifu mzazi. Husahau pia kwamba mkopo si zawadi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka wa 1995, itamdai pesa hizo pamoja na riba.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, naye ajitafutie njia. Ni kweli, ila utu uzima haushuki kama mvua siku ya kujiandikisha. Chini ya mfumo wa 7-4-2-3, vijana walipitia kidato cha tano na cha sita, wakayachimba masomo machache kwa kina kabla ya kuingia chuoni. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 uliiondoa miaka hiyo miwili, na masomo ya chuo kikuu yakarefushwa kutoka miaka mitatu hadi minne. Zao la kwanza la mfumo huo liliingia vyuoni mwaka wa 1990. Tangu hapo, mwaka wa kwanza umebebeshwa mzigo wa miaka miwili.

Sasa mambo yanageuka tena. Mnamo Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, na mpango wa 2-6-3-3-3 unairudisha chuoni miaka mitatu. Ikiwa sekondari ya juu itaendelea kuendeshwa kwa kengele, kijana ataufanyia wapi uanagenzi wa uhuru?

Walimu wenzangu, tuwape wanafunzi wetu walau jioni moja kwa wiki isiyo na kengele wala mwalimu. Kila mmoja ajichagulie la kusoma, na kesho yake aeleze alichokifanya. Wengine wataipoteza jioni hiyo. Heri wapoteze jioni moja mbele yetu kuliko kupoteza mwaka mzima mbali nasi.

Nawe uliyeko chuoni, chora ratiba yako na uyajaze mapengo yake kabla hayajajazwa na wenzako. Zigawe pesa zako kwa idadi ya wiki za muhula. Tafuta wenzako watatu au wanne wa kusoma nao, na usione haya kumwendea mhadhiri. Zaidi ya yote, ukianguka, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Jioni ile nilimsindikiza kijana wangu hadi kwao. Alimweleza mamake yote, akitazama chini. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akamwuliza, "Umekula?" Walizungumza hadi usiku. Kijana alirejea chuoni, akaifanya mitihani ya marudio, akapita. Alikuwa ameubeba peke yake, kwa wiki nyingi, mzigo ambao nyumbani kwao walikuwa tayari kumsaidia kuutua.