Viumbe wa Seli Moja Si Maadui Tu

Mwulize mwanafunzi wa shule ya upili akutajie viumbe wa seli moja, naye atakutajia bila kusita: amiba, paramesiamu, bakteria, hamira, plasmodiamu. Mwulize tena wana kazi gani duniani, na yamkini atakujibu kwa neno moja: maradhi. Jibu hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Katika wilaya za zamani za Meru na Embu, ambako watu wengi huishi kwa jembe na ng'ombe, nusu iliyosahaulika ndiyo inayojaza chungu.

Hebu tuanze na kahawa, zao lililosomesha watoto wengi katika miteremko ya Mlima Kenya. Mkulima afikishapo matunda mekundu katika kiwanda cha chama cha ushirika, mashine huyaambua maganda, lakini punje hubaki zimevikwa utelezi usiotoka upesi kwa maji matupu. Basi humiminwa matangini zikaachwa usiku kucha, au zaidi iwapo kuna baridi. Humo bakteria na hamira huushambulia utelezi ule hata ukalegea, ndipo punje zikaoshwa na kuanikwa. Zikiondolewa mapema, utelezi hubaki. Zikicheleweshwa mno, huharibika na kunuka, na bei yake mnadani Nairobi hushuka. Kwa hivyo, karo ya mwanafunzi yule imetegemea kazi ya usiku ya viumbe aliofundishwa kuwaogopa.

Tutoke kiwandani tuingie shambani. Ng'oa mharagwe taratibu, nawe utaona vinundu vidogo mizizini. Kipasue kimoja, kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria waitwao raizobia wamo kazini. Hewa tuivutayo ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo ya hewa. Raizobia huigeuza ikawa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kazi ya vinundu hivyo mwaka 1886. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kampasi yake ya Kabete, kilitayarisha bakteria hao kwa jina la Biofix, ili wakulima wazipake mbegu za jamii ya kunde kabla ya kupanda. Mkulima anayelia kwa bei ya mbolea anastahili kujua kwamba anacho kiwanda kidogo cha mbolea chini ya ardhi.

Jikoni nako ni vivyo hivyo. Uji wa wimbi au mawele huchachuka kwa sababu bakteria hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huwazuia vijidudu vingi viharibifu. Maziwa mala hupatikana kwa njia iyo hiyo. Bibi zetu hawakuwa na hadubini, lakini walijua kwamba kibuyu kilichozoea kugandisha maziwa kina thamani kuliko kipya. Kadhalika, watengenezaji wa pombe ya muratina hulikausha na kulihifadhi tunda lililokwisha kutumika, kwa kuwa hamira imejificha ndani yake.

Simaanishi kwamba hakuna maadui. Katika nyanda za chini za Mbeere na Tharaka, plasmodiamu bado huleta malaria. Na ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huua ndama wa mkulima maskini. Lakini hata hapo elimu hutufumbua macho. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya ICIPE ya Nairobi na wenzao walieleza kwamba baadhi ya mbu nchini wana kiumbe mwingine wa seli moja, Mikrosporidia MB, anayeizuia plasmodiamu isistawi ndani ya mbu. Huenda adui mmoja akaja kudhibitiwa na jirani yake.

Hatari ya kumfundisha mtoto kwamba kila kijidudu ni adui ni kwamba, akikua, atataka kuwaua wote. Atameza antibiotiki kwa mafua, ambayo huletwa na virusi wala si bakteria. Atamdunga ng'ombe wake dawa bila kumwuliza daktari wa mifugo, kisha ayapeleke maziwa sokoni siku ile ile, badala ya kungoja siku zilizoagizwa. Maziwa hayo huenda yakakataa kuganda, kwa maana dawa imewaua watenda kazi. Vibaya zaidi, bakteria wachache wanaosalimika huzaana wakawa sugu, na siku mtoto atakapougua kweli kweli, dawa haitamfaa.

Walimu wenzangu watasema shule hazina hadubini za kutosha. Ni kweli, lakini mharagwe wa kung'oa upo, unga wa kuchachusha upo, na kiwanda cha kahawa kiko ng'ambo ya mto. Mpelekeni mwanafunzi huko aone kwa macho yake kazi ya wasioonekana, kisha arudi darasani akayasome majina yao. Wahenga walituonya tusidharau kiselema, kwani hulima kikapita jembe zima. Viselema hawa wamelima mashamba yetu tangu enzi. Hatuna budi kuwajua, mwema kwa wema wake na mwovu kwa uovu wake.