Kambi ya Kericho Inayostahili Riwaya

Mpenzi wa riwaya za upelelezi aliye Silibwet, Bomet, hana haja ya kusafiri mpaka Misri kutafuta kambi iliyofukiwa. Apande matatu ya kuelekea Kericho. Chini ya michai ile kuna kisa kizima.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani takriban ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis. Makazi yao, ndiyo kambi yenyewe, yakaitwa BEADOC (British East Africa Disabled Officers Colony). Walipanda kitani, zao lililokuwa na bei kubwa kwa sababu vita vilihitaji nguo yake, hata ya kufunikia mabawa ya ndege. Vita vikaisha, bei ikaporomoka, na baada ya miaka michache mradi ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe: makampuni ya chai, Brooke Bond ikiwemo, yakaingia katikati ya miaka ya 1920.

Mtunzi wa riwaya juu ya kambi hii atavutwa na maafisa hao, na ana haki. Mtu aliyepoteza mguu vitani kisha akafilisika ugenini ni mhusika mzuri. Lakini mwanaakiolojia wa riwaya hii akisimamisha sururu kwenye matofali ya maafisa, atakuwa amefukua tabaka la juu tu. Achimbe zaidi. Atakuta maboma ya Wakipsigis waliohamishwa. Atakuta habari za Talai, ukoo wa viongozi wa dini waliofukuzwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Chini zaidi yapo mashimo ya Sirikwa, ambayo utafiti wa John Sutton ulionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, ya karne nyingi kabla ya mkoloni.

Kuanguka kwa kambi si fumbo; bei ya kitani inatosha kuwa maelezo. Fumbo ni jinsi nchi yenye watu ilivyoandikwa kuwa tupu, na nani alitia saini.

Kiswahili kinaweza kuubeba mzigo wa riwaya kama hii. Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kesi yake katika "Mzimu wa Watu wa Kale", riwaya iliyochapishwa 1960, na kesi hiyo inazunguka mahali pa kale pa Unguja.

Walimu wa Bomet na Kericho, watumeni wanafunzi kwa wazee mwaka huu huu, wakiwa na daftari za kuandikia wanayoyakumbuka wazee hao. Nawe mkulima, jembe likigonga kigae cha kale, kiache kilipo na uwaarifu Makumbusho ya Taifa.