Batalioni za Afrika: Wakosaji wa Ufaransa katika Vita vya Algeria

Ufaransa ilipoivamia Algeria mwaka 1830, ilihitaji askari wa kukaa katika ngome za mbali ambako maradhi yaliua wengi kuliko risasi, na wakati huohuo ilitafuta mahali pa kuwapeleka wanajeshi waliohukumiwa na mahakama za kijeshi, ambao makamanda hawakutaka warudi kuwaharibu wenzao. Haja hizo mbili zilizaa, mwaka 1832, Batalioni za Afrika, yaani vikosi vya askari wa miguu waliobeba silaha nyepesi. Jina hilo lisimpotoshe msomaji: walioandikishwa walikuwa Wafaransa waliokwisha kutumikia vifungo vyao lakini wakabakiwa na miaka ya utumishi.

Kisheria batalioni hizo hazikuwa adhabu, kwa kuwa adhabu ilikuwa imekwisha kutolewa. Waliovunja nidhamu bila kufikishwa mahakamani walipelekwa katika kompania za nidhamu, na waliohukumiwa walifungwa katika magereza ya kijeshi, ingawa lugha ya mitaani iliyachanganya yote hayo kwa jina moja, Biribi, na haikukosea sana.

Sifa kubwa ya batalioni hizo ilitoka Mazagran, karibu na mji wa Mostaganem nchini Algeria, ambako mwezi Februari 1840 askari 123 chini ya Kapteni Lelièvre walizingirwa siku kadhaa na wapiganaji wa Amiri Abdulkadir, kiongozi wa Waalgeria waliopinga uvamizi huo, bila kusalimu amri. Magazeti ya Paris yaliwashangilia, na idadi ya washambuliaji ikakuzwa kiasi cha kutiliwa shaka baadaye. Hata hivyo, serikali iliyowasifu kama mashujaa haikubadili chochote katika namna ya kuwatendea, na mashujaa hao walikuwa wakipigana na watu waliolinda ardhi yao wenyewe.

Sheria ya mwaka 1889 ilipanua mlango, kwani vijana waliowahi kuhukumiwa na mahakama za kiraia kwa makosa fulani walipelekwa huko moja kwa moja walipofikia umri wa kuandikishwa. Katika kambi za kompania za nidhamu zilitumika adhabu kama ile ya kumfunga mtu mikono na miguu pamoja mgongoni na kumwacha juani. Mwaka 1909 askari Albert Aernoult alifia katika kambi ya Djenan-el-Dar. Wakubwa walidai kuwa joto ndilo lililomuua, ilhali mwenzake Émile Rousset, aliyekaidi amri makusudi ili apelekwe mahakamani akasikike, alisema kuwa waliomuua ni walinzi. Rousset alihukumiwa kifungo cha miaka 5, lakini vyama vya wafanyakazi viliishika kesi hiyo, na mwaka 1912 umati mkubwa ulifuata jeneza la Aernoult jijini Paris. Miaka 12 baadaye mwandishi wa habari Albert Londres alichapisha kitabu kuhusu magereza hayo ya kijeshi, akaonyesha kuwa mateso yalikuwa yakiendelea.

Kikosi cha mwisho cha batalioni hizo kilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Djibouti, koloni iliyokuwa bado mikononi mwa Ufaransa, wakati Algeria ilikuwa imekwisha kujitawala tangu 1962.